Goti la Mzee Mwaro

Profesa Musembi aliposema "Ijumaa tutafunga," nilishika meza kwa mikono yote miwili nisije nikarusha kitu. Watu wa maabara yetu hapa Kilifi wananijua. Mimi nikikasirika, vitu hupaa.

"Tutafunga nini, Profesa?"

"Utafiti wa jeli, Zipporah. Whitney amepiga hesabu. Hakuna tofauti. Waliochomwa sindano yenye jeli, na waliochomwa dawa ileile bila jeli, wote wanasema goti linauma vilevile. Kamati ikikaa Ijumaa sina la kuwaambia."

Whitney ni mtakwimu wetu, binti mpole wa Nairobi, na ndiye peke yake aliyejua nani kapata nini. Sisi wengine tulifungwa macho makusudi. Ndivyo utafiti wa haki unavyokwenda: ukishajua nani kapewa dawa gani, moyo wako unaanza kuona unachotaka kukiona.

Ngoja niwaeleze hiyo jeli, maana kufungwa kwake kulikuwa ni kunizika mimi nikiwa hai. Peptidi ni vipande vifupi vya protini. Ukivitia majini na kuvipa mazingira vinayoyapenda, havimhitaji fundi. Vinatafutana, vinashikana, vinajipanga kuwa nyuzi, nyuzi zinakuwa wavu, na wavu unayashika maji mpaka maji yanasimama. Hebu wazia makuti yanayojisuka yenyewe wewe ukiwa umelala! Mara ya kwanza nilipokipindua kichupa na kilichomo kisimwagike, nilipiga vigelegele hadi askari wa lango akaja mbio na rungu. Kisha tukaifanya ile jeli iwe chembe ndogo mno, ndogo hata unywele mmoja ukiuweka kando yake ni gogo la mnazi, na ndani ya kila chembe tukafungia dawa ya kutuliza uvimbe.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu dawa ile ikichomwa gotini peke yake, mwili unaifagia upesi na maumivu yanarudi. Ikiwa ndani ya jeli inatoka kidogo kidogo, kwa miezi. Panya walituonyesha. Mbuzi walituonyesha, mmoja aliyekuwa akichechemea aliruka ua wa maabara akala maua ya Profesa. Ndipo tukaruhusiwa kuwafikia watu: wazee wa Kakuyuni, Mambrui na Takaungu ambao magoti yao yamelika, mfupa unasaga mfupa. Leo naambiwa hakuna tofauti! Mbuzi apone, binadamu asipone?

Nikamwendea Odera. Daktari Odera ni mtu wa Siaya, mrefu, mtaratibu, na ndiye aliyekuwa akiwazungukia wagonjwa kila mwezi na kuwauliza swali moja: maumivu ni mangapi, kuanzia sufuri hadi kumi.

"Umewauliza vipi hata wakajibu upuuzi huu?" nikamwuliza.

"Nimeuliza vile tuliandika, Zipporah. Mimi nauliza, wao wanajibu. Huyu saba, huyu nane. Hata jirani ya mamako, Mzee Mwaro, amesema nane. Nimuambie akosee?"

Nilitoka bila kuaga. Nikapanda matatu hadi Malindi, na kutoka Malindi nikachukua bodaboda hadi Kakuyuni kwa mama, maana nikiwa na hasira hakuna dawa kama kupaliliapalilia shambani kwake. Jua lilikuwa bado lina nguvu. Nilishukia barabarani nikakata njia ya mkato katikati ya minazi, nikinung'unika peke yangu kama mwehu. Hapo ndipo nilipoziona kandambili.

Zilikuwa chini ya mnazi, zimepangwa vizuri, moja ya buluu na moja ya kijani. Kakuyuni nzima inazijua kandambili zile. Nikainua macho. Juu kabisa, kwenye kilele, baina ya makuti, kulikuwa na nyayo mbili nyeusi na sauti ya kotama, kisu cha mgema, ikichonga karara linalotoa tembo: kwaru, kwaru, kwaru. Mara sauti ikakatika. Aliyekuwa juu aliniona kabla sijamwona uso, akajibanza.

Salaale! Mzee Mwaro, mgema wa miaka na miaka, mtu aliyekatazwa na Odera asiguse hata ngazi ya nyumba! Mtu wa "nane"!

Sasa nifanyeje? Nikimwita ataendelea kujificha. Nikamfanyia kitu kimoja ambacho mtu aliyelelewa vyema pwani hii hawezi kukikwepa hata akiwa kaburini.

"Shikamoo, Mzee Mwaro!"

Kimya. Kuti likatikisika.

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba, mwanangu," ikateremka sauti ya unyonge. "U mzima?"

"Mimi mzima! Wewe je, huko juu?"

"Niko, niko. Naangalia tu."

"Unaangalia nini, ndege?"

Akashuka. Nilimtazama anavyokanyaga vikato vya mnazi kimoja kimoja, kibuyu kiunoni, na moyo wangu ukapiga kama ngoma ya harusi. Alipotua chini akaegemea mnazi, jasho linamtiririka. Mimi sikuliona jasho. Niliona mtu wa miaka sabini ametoka kileleni mwa mnazi kwa miguu yake miwili. Nikamrukia nikamkumbatia, tembo likamwagika kidogo.

"Umepona! Mzee Mwaro, umepona!"

"Nani kapona?" akatazama kushoto na kulia. "Sema polepole. Goti linauma."

"Linauma!" nikacheka.

"Linauma kweli, mwanangu."

"Ndiyo, baba, linauma, linauma sana," nikamkonyeza. "Hasidi asisikie."

"Zipporah, si mambo ya hasidi. Mnazi haungoji goti. Karara usipolichonga leo, kesho limekauka. Nitafanyaje?"

"Nimekuelewa, baba. Nimekuelewa kabisa!" Na nilikuwa nimekwisha mwacha pale, nakimbia kwenda kwenye kilima cha kanisa ambako simu inashika mtandao vizuri.

Maana kile kicheko kilikuwa kimenifungua akili. Nilimkumbuka bibi yangu mzaa baba. Nikiwa mdogo nilipata homa mbaya, na siku niliyoamka sina homa nilitoka uani nikapiga kelele, "Nimepona!" Alinifinya sikio hadi nikaliona jua mara mbili. Kwetu mtu hasemi amepona. Anasema "bado bado," anasema "nasukuma siku," anasema "afadhali ya jana." Ukisema umepona unawaita wenye kijicho, na ugonjwa wenyewe ukisikia unatajwa unarudi kuuliza nani kaniita. Wenzetu Waislamu wa Mambrui na Takaungu nao hivyohivyo, wana husuda zao na dua zao za kujikinga. Tangu lini mtu wa pwani akamwambia mgeni, tena mgeni mwenye kalamu, kwamba goti lake ni zima? Wahenga walituonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya mficha kupona!

Na mimi, binti wa Kakuyuni, nililiandika swali lile kwa mkono wangu: maumivu ni mangapi? Lo! Nilistahili kufinywa sikio la pili.

"Odera!" nikapiga kelele simuni. "Wanatudanganya!"

"Nani?"

"Wote! Mwaro yuko juu ya mnazi!"

"Ati wapi? Nilimkataza!"

"Ndiyo raha yake! Ulimkataza naye kapanda! Odera, wamepona, wanaficha!"

Kisha kwa ile sauti yake ya taratibu akasema, "Mtu mmoja juu ya mti si matokeo, Zipporah. Lakini njoo tuongee."

Ijumaa kamati ikakaa. Profesa Musembi mbele, Whitney na tarakilishi yake, madaktari wawili kutoka Mombasa, na Mwalimu Charo wa Takaungu, mstaafu, aliyekuwa akiwawakilisha wananchi. Kulikuwa na chai na viazi vya karai. Nikaeleza yangu yote kwa pumzi moja. Profesa alinisikiliza, kisha akavua miwani.

"Kwa hiyo unataka niandike kwamba wagonjwa wetu ni waongo?"

"Si waongo, Profesa. Wanajikinga."

"Hiyo ni nadharia. Nionyeshe."

Nikageuka. Mwalimu Charo alikuwa anatia kiazi cha tatu kwenye ukwaju. Wiki mbili nyuma alilazwa kwa malaria, sote tulimpelekea matunda.

"Shikamoo, Mwalimu. Malaria ile umepona?"

"Aa, wapi!" akasema, mdomo umejaa. "Bado bado. Nasukuma tu. Mwili hauna nguvu."

"Pole sana. Na leo umekuja na nini?"

"Na baiskeli."

"Kutoka Takaungu?"

"Kwani kuna Takaungu nyingine?"

Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko. Whitney alicheka mpaka akafuta machozi. Mwalimu mwenyewe akatutazama mmoja mmoja, kiazi mkononi, kisha akaelewa, akaanza kucheka naye mabega yakimtetemeka.

"Mmenipata," akasema. "Lakini Profesa, msinicheke bure. Hilo neno mnalolitaka, hata mke wangu hajalisikia kinywani mwangu. Mkisubiri watu wetu walitamke, mtafunga maabara na paa lake."

"Sasa tufanyeje?" akauliza Profesa.

"Tusiulize goti," nikasema. "Kila mgonjwa siku ya kwanza alitwambia jambo moja ambalo goti limemnyima. Twende tukaone kama sasa analifanya. Kwa macho, si kwa mdomo."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Profesa akakubali, kwa masharti. Atakayetazama na kuandika ni Odera. Whitney asiseme neno juu ya nani kapata nini hadi kazi iishe. "Na wewe, Zipporah," akaninyooshea kalamu, "ukienda naye, unabeba mkoba. Mdomo umefungwa. Kazi hii isipoonyesha kitu, nafunga, na sitaki kuona kitu kinapaa."

Mambrui ndiko tulikoanzia. Bi. Mwanakombo alitupokea kwa kahawa na kashata. Yeye siku ya kwanza alikuwa ametwambia kwamba kinachomliza si maumivu. Ni kusali juu ya kiti, miaka mitatu hajaweka paji la uso chini.

"Goti vipi, bibi?" Odera akauliza, kwa mazoea tu.

"Bado bado, daktari. Alhamdulillahi. Saba hivi."

"Kiti cha kusalia kiko wapi?"

Bi. Mwanakombo akaziba mdomo kwa ukingo wa leso. Nikachungulia uani. Kiti kile kilikuwa juani, juu yake kumeanikwa papa. Papa mkavu, jamani, juu ya kiti cha ibada! Nilibana midomo hadi ikauma.

"Kimekatika mguu," akasema yule mama.

"Sioni kimekatika," Odera akasema kwa upole. "Usiniambie kitu, bibi. Wakati wa adhuhuri ukifika, niruhusu nikae hapo barazani, mlango ukiwa wazi kidogo."

Adhuhuri ikaadhiniwa. Yule mama akatandika mswala. Akarukuu, akanyooka, kisha akashuka, goti moja, goti la pili, mikono, paji la uso. Akakaa pale chini muda mrefu kuliko inavyohitajika. Alipoinuka, macho yake yalikuwa yamelowa, na hakutazama upande wetu. Odera akaandika. Mimi nilitoka nje nikaurukaruka mchanga wa watu kama mbuzi yule wa maabara, mkoba kichwani.

Takaungu tulimkuta Mama Cynthia, anayeuza mikate ya mofa na wali wa nazi. Siku ya kwanza alilalamika kwamba hawezi tena kukalia mbuzi akakuna nazi mwenyewe, na nazi za kukuniwa na watu wengine hazina tui. Aliposikia gari letu tulimsikia akisukuma kitu chini ya kitanda.

"Bado naumwa mno," akatuambia mlangoni, chembe za nazi zimemganda mpaka kwenye nyusi.

"Mama, hayo ni nini usoni?"

"Poda."

Hata Odera alishindwa kujizuia. Tulicheka watatu pale mlangoni, na yule mama akamtoa mbuzi wake chini ya kitanda, akamkalia, akakuna nazi nzima bila kusimama, huku akituapisha tusimwambie jirani wa upande wa kushoto. Wa kulia hana neno.

Si kila nyumba ilikuwa hivyo. Wengine tuliwakuta kweli wamekaa, miguu imenyooshwa, na walipojaribu kuinuka mkekani walishika ukuta. Odera aliandika na hayo. Kila nyumba ya namna hiyo niliingia garini kimya, kisha nyumba inayofuata inanipandisha tena juu.

Kakuyuni tulimwacha mwisho, kama mtu anavyoacha kipande kizuri cha samaki. Mzee Mwaro, ambaye goti lilimnyima kupanda bila taabu, hakubisha. Alivua kandambili zake, akafunga kibuyu, akapanda. Alishika vikato kwa nguvu, na kila mguu wa kulia ulipobeba uzito alivuta pumzi. Aliposhuka, kijasho kilikuwa kimemjaa hadi kidevuni.

"Goti, mzee?" Odera akauliza.

"Nane."

Nilijipiga paja kwa raha. Mwaro akanitazama, akatikisa kichwa, akaenda kuketi kwenye gogo.

Njiani Odera akasema, "Huyu mzee alikuwa anauma meno, Zipporah."

"Anaigiza! Humjui Mwaro. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu ukimsifu goti atalitia kilema!"

"Mimi nimeandika vile niliona," Odera akajibu. "Amepanda, kwa shida." Na akafunga daftari.

Siku ya majibu sikuweza kukaa. Nilizunguka meza ya Profesa hadi akanitisha kwamba atanifunga kamba. Whitney akaingia, akaweka tarakilishi, akafungua siri mbele yetu, kila mgonjwa na mstari wake: rangi ya kijani waliopata jeli, rangi ya kijivu waliopata dawa bila jeli. Akaigeuza tu skrini ituelekee.

Mistari ya kijivu ilikuwa imelala chini, mmoja mmoja ukijiinua. Ya kijani ilikuwa imesimama kama shamba la mahindi baada ya mvua!

Karibu wote! Karibu kila aliyepata jeli alikuwa analifanya lile jambo goti lililomnyima. Nilipiga kigelegele kilichomtoa askari langoni kwa mara ya pili maishani mwake. Nilimkumbatia Whitney, nikamkumbatia Odera kiunoni kwa kuwa mabega yake siyafikii, nikamkumbatia hata Profesa Musembi, ambaye tangu nimjue hajawahi kukumbatiwa na mtu. Alicheka, akalia kidogo, akasema, "Zipporah, mwanangu, vile vipande vyako vimejisuka." Vitu vilipaa siku ile, nadhani ilikuwa ni boksi la glovu.

"Mzee Mwaro!" nikasema nilipopata pumzi. "Lazima nimpelekee habari mwenyewe. Yeye ndiye aliyetuokoa. Whitney, nionyeshe mstari wake, nimpige picha."

Whitney akatafuta. Akasogea karibu na skrini. Kisha akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

"Mwaro ni huyu," akasema.

Kidole chake kilikuwa juu ya kijivu.

"Angalia tena."

"Nimeangalia, Zipporah. Alipata dawa bila jeli. Ilikwisha mwilini mwake zamani sana."

Mtu anaweza kuwa na furaha na aibu kwa wakati mmoja, nilijua siku ile. Nilikaa kwenye kiti cha Profesa bila kuombwa. Yule mzee hakuwa anaficha kitu. Alinambia linauma, nikacheka. Akanambia linauma kweli, nikamkonyeza. Akanambia kwa nini anapanda, kwamba karara lisipochongwa hukauka, nami nikakimbilia kilimani kutafuta mtandao. Kila neno lilikuwa kweli, na kwa miezi yote ile alikuwa anapaa na goti linalosaga mfupa kwa mfupa, asubuhi na jioni, juu ya ule mnazi. Furaha yangu yote ilikuwa imejengwa juu ya maumivu ya mtu ambaye sikumsikiliza.

"Nenda," Profesa akaniambia. "Waliokosa jeli watapewa, nitasaini leo. Anza na yeye."

Nilimkuta kwake amekaa kibarazani, kitambaa cha maji moto juu ya goti. Mara hii sikumkumbatia. Nilipiga magoti chini kwenye mchanga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kunikonyeza tena?"

"Nimekuja kukuomba radhi. Goti lako linauma."

Akakigeuza kile kitambaa. "Linauma," akasema.

"Ulinambia."

"Nilikwambia mara ngapi? Nikasema labda shule zimemziba masikio binti wa watu." Lakini alikuwa ameanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo. "Jeli yako je? Imefanya kazi au haijafanya?"

"Imefanya, baba! Bi. Mwanakombo wa Mambrui anasu..." nikajiuma ulimi, nikakumbuka kwamba siri si yangu. "Imefanya kazi. Wewe ndiye hukuipata. Ulipata ile nyingine. Hakuna aliyejua."

"Kumbe!" Akaliangalia goti lake kama mtu anayemwangalia mtoto aliyemshitaki bure. "Nami nikidhani ni hili langu tu lenye kiburi."

Odera alimchoma sindano ya jeli kliniki Kilifi, nami nilikaa nje ya pazia nikiomba. Safari hii hakuna aliyefungwa macho. Tulijua kilichomo ndani ya ile sindano, na tukamwomba asipande kwa muda. Wapwa wake wawili wangemgemea. Alituahidi, na kwa vile ni Mwaro, akatimiza.

Sikumwuliza chochote. Nilikwenda kwa mama kila mwisho wa juma, nikapita kwake, nikatoa shikamoo, nikajibiwa, tukaongea mvua na kunguru. Ulimi uliniwasha, lakini sikuuliza.

Jumamosi moja nikamkuta chini ya mnazi wake, kibuyu kiunoni, anafuta kotama kwa jani. Akapanda. Mguu wa kushoto, mguu wa kulia, wa kushoto, wa kulia, bila kuvuta pumzi, bila kusimama, hadi makuti yakammeza. Kotama ikalia kwa muda, kisha akashuka vilevile. Uso wake ulikuwa mkavu.

Kulikuwa na watu njiani, wanatoka sokoni. Mzee Mwaro akawangoja wapite, wakasalimiana, wakamwuliza hali, akawajibu kwamba bado bado, anasukuma siku. Walipotokomea kwenye kona, akanipungia mkono nisogee. Nikasogea. Akaniinamia, akaweka mdomo sikioni pangu, nami nikasikia harufu ya tembo jipya na sauti ndogo kuliko pumzi.

"Haliumi."

Nikajiziba mdomo kwa mikono miwili. Nilirukaruka pale chini ya mnazi, machozi yananitoka, na kigelegele kikanibana kifuani hadi mbavu zikaniuma. Mzee Mwaro akanishika bega akicheka, akaniambia ninyamaze, wale watu hawajafika mbali.